Gari Likigonga, Tusikilize Kwanza

Katika nchi yetu ya Butembo na Beni gari kuukuu si pambo la tajiri. Ni jembe la nyumba. Hupeleka sokoni viazi na vitunguu vya Lubero, huleta mafuta ya mawese kutoka Beni, humfikisha hospitali mama aliyeshikwa na uchungu usiku, na faida yake hulipa ada ya shule. Basi, motokaa ya namna hiyo ikianza kugonga ndani ya injini, nyumba nzima hutega sikio. Baba huhesabu fedha, mama huuliza kama safari ya kesho ipo, na watoto wakubwa huelewa bila kuambiwa. Ndiyo sababu tumeona vema kueleza habari ya mgongo huo: watokana na nini, wajulikanaje, na waponywaje bila kuuza ng'ombe au shamba.

Gari letu, sisi ndugu watatu tuliolinunua kwa kuchanga, ni Toyota Corolla ya mwaka 1989. Lina kabureta, tena lina kigawa-cheche cha zamani ambacho mafundi wetu hukiita delko. Liliisha kupita mikono mingi kabla ya kufika kwetu. Twalitumia katika njia ya Butembo na Beni, mwendo wa kilomita 54, kwa Maboya na Kabasha. Yeyote aijuaye njia hiyo ajua pia kwamba si mahali pa kusimama ovyo na gari lililokufa. Zamani isingekuwa ajabu kulala njiani; lakini tangu Oktoba 2014 watu wengi sana wa pande za Beni wameuawa, na kila msafiri hutaka kufika kabla jua halijatua. Kwa hiyo mlio wa injini kwetu si jambo la kuongezewa sauti ya redio ili usisikike.

Mlio wenyewe ulikuwa hivi. Tukitoka Butembo asubuhi hatukusikia kitu. Tukirudi kutoka Beni na mzigo, katika vilima vya kwanza, injini ilianza kulia kama changarawe zitikiswazo ndani ya kopo. Tukiinua mguu kidogo kwenye kanyagio la mafuta, mlio ulikoma. Tukikanyaga tena, ulirudi. Na kadiri tulivyopanda kuelekea Butembo, ulipungua.

Fundi mmoja alisikiliza kwa muda mfupi, akafuta mikono, akasema: "Papa, biele imekwisha. Tufungue injini leo hii." Biele ni ule mkono wa chuma unaoishika pistoni na kuiunganisha na shafti kuu. Gharama aliyotaja ilipita ada ya shule ya watoto wetu wawili kwa mwaka mzima. Tukamjibu kwa heshima: "Fundi, tumesikia. Tupe siku chache tufikiri." Hatukumdhania ubaya, mtu aliyezoea kufungua injini huona kila ugonjwa ni wa kufunguliwa. Lakini mgonjwa hapasuliwi kabla ya kupimwa, na gari nalo hali kadhalika.

Yafaa kujua kwanza kwamba si kila mlio ni ugonjwa mmoja. Upo mlio mwepesi, wa haraka, kama wa cherehani, usikikao hata gari likisimama. Mara nyingi huo ni wa vali zilizolegea nafasi yake, na fundi huzirekebisha kwa vipimo vya bati jembamba. Upo mlio wa asubuhi, injini ikiwa baridi, ambao hufifia injini ikipata moto. Mara nyingi huo ni wa pistoni iliyochakaa ikicheza ndani ya silinda. Gari huweza kuvumilia nao muda mrefu. Tena upo mlio mzito, wa chini, kama nyundo juu ya gogo. Huo huzidi oili ikipata moto na kuwa nyepesi, nao huweza kufuatana na taa nyekundu ya oili kuwaka. Huo ndio wa biele au wa beringi zake. Mwenye kuusikia asiendelee hata kilomita moja. Azime injini na kutafuta kamba ya kuvutwa, maana biele ikikatika hutoboa injini ubavuni.

Wa mwisho ni ule mlio mkavu wa changarawe, usikikao gari likivuta mzigo au likipanda, na kukoma mguu ukiinuliwa. Huo si wa chuma kilicholegea. Ni wa moto. Sisi twauita mgongo wa moto, ili tuutofautishe na mgongo wa chuma, kwa kuwa dawa ya mmoja haiponyi mwingine.

Mgongo wa moto hutokeaje? Ndani ya silinda, pistoni hubana hewa iliyochanganyika na esanse, yaani ile ambayo ndugu zetu wa Uganda na Kenya huiita petroli. Kisha buji hutoa cheche. Moto huanzia penye cheche, ukasambaa kwa utaratibu hadi pembe za mwisho, kama moto wa nyasi uendeshwao na upepo wa kiasi, nao huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Ndivyo ilivyokusudiwa. Lakini ikiwa sehemu ya mwisho ya mchanganyiko ule, ambayo moto haujaifikia bado, imebanwa mno au imepata joto mno, hulipuka yenyewe kabla ya zamu yake. Mlipuko huo hupiga kuta za silinda na kichwa cha pistoni, na kishindo chake ndicho tukisikiacho. Kikiendelea miezi mingi, hula pistoni, hutoboa gasketi ya kichwa cha injini, na kuziumiza beringi. Hapo mgongo wa moto huzaa mgongo wa chuma. Ndiyo maana usidharauliwe, ingawa mwanzoni huponyeka kwa gharama ndogo.

Mambo yanayouleta ni machache, na yanahesabika. Esanse dhaifu ni la kwanza. Cheche inayotangulia mno ni la pili. Joto la injini lililozidi ni la tatu. Masizi yaliyoganda ndani ya silinda ni la nne, kwa kuwa hupunguza nafasi na kuwa kama kaa la moto lisilozimika. Hewa kuzidi esanse ni la tano, ama kwa sababu ya tundu la kabureta lililoziba, ama kwa mpira uliopasuka ukavuta hewa pembeni. Na mwendo mbaya wa dereva ni la sita: apandaye mlima kwa gia kubwa huku amekanyaga mafuta hadi mwisho huilazimisha injini igonge, hata ikiwa nzima.

Kwa watu wa milimani kama sisi lipo neno jingine, ambalo wengi hawalitambui. Butembo iko juu, mita zipatazo 1,700 juu ya bahari. Beni iko chini zaidi, mita zipatazo 1,100. Kila tupandapo mita 100, hewa hupungua nguvu yake karibu sehemu moja katika 100. Kwa hiyo injini ya Butembo huvuta hewa nyembamba, iliyopungua karibu sehemu ya tano kuliko ile ya Mombasa. Hewa ikiwa nyembamba, silinda haibani kwa nguvu nyingi, na mgongo hautokei kwa urahisi. Fundi wa mlimani, akitaka kulirudishia gari nguvu iliyopotea, huigeuza delko ili cheche itangulie. Huko juu gari hukimbia vizuri na mwenyewe hufurahi. Lakini likishuka Beni, au likifika Kasindi kilomita 80 mbele yake, hewa ni nzito na jua ni kali. Cheche ile ile iliyofaa Butembo sasa huja mapema mno, na changarawe huanza kulia.

Tulipofikiri hayo, tuliona kwamba gari letu lilikuwa limekwisha kutusimulia ugonjwa wake. Biele iliyokwisha haijui kama iko Beni au Butembo. Hugonga po pote. Mlio wetu ulijua mahali. Ulianza chini, penye joto na hewa nzito, tena wakati wa mzigo, ukafifia huko juu. Basi, tukaamua kufuata utaratibu: kuanzia lililo rahisi kwenda lililo ghali, na kubadili jambo moja tu kila mara. Maana mtu akibadili mambo manne siku moja na mlio ukakoma, hatajua lipi lilimponya, na mwakani atalipia yote manne tena.

Siku ya kwanza tulipima oili. Kijiti kilionyesha kiasi cha kutosha, na taa yake ilizimika upesi injini ilipowaka. Fundi kijana aliyetusaidia aliweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya chuma cha injini, na mpini wake sikioni, akasikiliza mahali mahali kama mganga asikilizavyo kifua. Kisha akaikata cheche ya silinda moja moja kwa zamu. Kama biele ingekuwa imelegea, kuikatia cheche silinda yake kungebadili mlio ule mzito. Hapakuwa na mlio mzito wa kubadilika. Tukashukuru, tukaendelea.

Siku ya pili tulitazama esanse. Kwetu esanse nyingi huuzwa kando ya njia katika chupa na bidoni, na wauzaji wake huitwa Kadhafi. Wengi wao ni vijana waaminifu wanaotafuta chakula cha siku. Lakini esanse ikichanganywa na mafuta ya taa, uwezo wake wa kuvumilia kubanwa hushuka sana, na injini hugonga. Ipo njia nyepesi ya kuichunguza: tone moja hudondoshwa juu ya karatasi nyeupe na kuachwa likauke. Esanse safi huruka hewani bila kuacha alama kubwa. Yenye mafuta ya taa huacha doa la mafuta lisilotoka upesi. Tone la chupa yetu liliacha doa. Tukaacha tangi likaribie kwisha, tukajaza esanse ya kituo tulichokiamini, tukaenda Beni na kurudi. Mlio ulipungua karibu nusu, lakini haukukoma.

Safari iliyofuata tulikuwa na taa ya kupimia cheche. Taa hiyo huwaka kila cheche itokeapo katika silinda ya kwanza, na kwa mwanga wake alama iliyo kwenye puli ya shafti huonekana kana kwamba imesimama. Tuliipasha injini moto kwanza, tukafuata maagizo ya kitabu cha gari juu ya mwendo wa injini na mipira ya hewa ya delko. Alama ilionekana mbali mbele ya pale kitabu kilipoagiza. Mtu mmoja, kabla gari halijawa letu, alikuwa ameitangulisha cheche. Fundi alilegeza bolti ya delko, akaigeuza kidogo sana kufuata upande ambao mkono wake wa ndani huzungukia, na cheche ikachelewa mpaka alama ikarudi mahali pake. Akakaza bolti. Kazi yote ilichukua chini ya saa moja, na bei yake ilikuwa ndogo kuliko ya kuku wawili.

Tulipopanda tena kutoka Beni, changarawe zilikuwa zimenyamaza, isipokuwa katika kilima kimoja kikali, saa ya mchana, injini ikiwa na moto mwingi. Hilo nalo tukalifuata. Buji zilipofunguliwa, tatu zilikuwa na rangi ya kahawia ya kijivu, dalili ya afya. Ya nne ilikuwa nyeusi yenye masizi. Hakuna hata moja iliyokuwa na vipunje ving'aavyo vya alumini, ambavyo ni dalili kwamba pistoni imekwisha kuanza kuliwa. Radieta ilipofunguliwa ilitoa matope mekundu, maana kwa miaka mingi ilikuwa imejazwa maji ya mito. Tukaisafisha, tukabadili buji zote nne kwa aina iliyoandikwa kitabuni. Baadaye, tulipopata nafasi, fundi aliondoa kichwa cha injini, akakwangua masizi kwa kijiti cha mti kigumu wala si kwa chuma, asije akakwaruza alumini, kisha akaweka mipira mipya ya vali iliyokuwa ikipitisha oili. Tangu hapo gari lapanda kimya.

Lakini twataka kurudi kidogo kwenye ile chupa iliyoacha doa. Amri ya saba ya Mungu yasema, Usiibe. Wengi hudhani kuiba ni kuvunja mlango. Basi, mtu atiaye mafuta ya taa katika esanse na kuiuza kwa bei ya esanse, je, hakuiba? Ameiba mara mbili: ameiba fedha, tena ameila pistoni ya mwenziwe kidogo kidogo. Na gari hilo likizimika njiani usiku, naye mama mwenye uchungu yumo ndani, mwizi huyo hayupo kumsaidia. Haimjui, wala haijui kazi ya mkono wake. Ndivyo zilivyo dhambi nyingi za biashara: hatuoni nyuso za watu tuliowaumiza. Kwa hiyo baba na mama wenye vijana wanaouza kando ya njia wawafundishe kipimo cha haki, kama walivyowafundisha sala.

Historia ya dunia nayo ina fundisho kubwa juu ya kunyamazisha mgongo. Mwezi wa Desemba 1921, huko Dayton nchini Marekani, mtu aitwaye Thomas Midgley, aliyefanya kazi chini ya Charles Kettering katika shirika la General Motors, aliona kwamba kiasi kidogo cha dawa yenye madini ya risasi, kikitiwa katika esanse, huzuia injini kugonga. Wenye magari walifurahi. Lakini risasi ni sumu. Mwezi wa Oktoba 1924 wafanyakazi 5 wa kiwanda kimoja cha New Jersey walikufa kwa dawa hiyo baada ya kurukwa na akili. Hata hivyo biashara iliendelea, na kwa miaka mingi moshi wa magari ulieneza risasi katika miji ya dunia, pamoja na miji ya Afrika, ukiingia katika damu ya watoto na kudhuru akili zao. Mwaka 2001 nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara zilipatana huko Dakar kuiacha, na mwanzoni mwa 2006 zilikuwa zimeiacha. Nchi ya mwisho duniani kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, iliyoikomesha mwezi wa Julai 2021. Karibu miaka 100 ilipita!

Tazameni, wasomaji: mlio ulinyamazishwa, na mtoto akaumizwa. Siku hizi wapo watu kwetu wasemao kwamba magari ya zamani hayawezi kupona mgongo bila esanse ya risasi. Si kweli. Magari ya Kijapani ya miaka kama ya Corolla yetu yalitengenezwa yatumie esanse isiyo na risasi. Yataka tu esanse safi, cheche ya wakati wake, na maji safi katika radieta.

Twamalizia kwa mashauri machache. Dereva apandaye na mzigo ashushe gia mapema, wala asiikanyage injini ichokayo. Mwenye gari ashushaye mara kwa mara kutoka Butembo kwenda Beni au Kasindi asikubali cheche itangulizwe kupita kitabu, hata akiahidiwa mbio. Nguvu anayoipata juu ataidaiwa chini. Magari ya mazutu, yaani malori yetu, yana mgongo wake wa kuzaliwa, na sababu zake ni nyingine, kwa hiyo mashauri haya ya delko na buji hayayahusu. Na fundi akisema, "Tufungue injini," aulizwe kwa upole: "Umeona nini, Fundi, na umepimaje?" Fundi mwema hatachukia swali hilo. Atafurahi kueleza.

Wengi wetu tumebandika picha ya Mtakatifu Kristofa mbele ya usukani, na tumelipeleka gari kubarikiwa na padri. Ni desturi njema, tuishike. Lakini Mtakatifu Kristofa hapimi oili. Mungu ametupa masikio na akili, akatukabidhi watu tunaowabeba. Kusikiliza chombo chetu na kukitunza ni sehemu ya kuwapenda hao.